Anza na lebo ya pawasaplai: kuboresha kompyuta kuukuu ya gemu kwa pesa kidogo

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni mezani. Leo nina Dell OptiPlex 9020, ile ndefu ya kusimama, ya mpwa wangu. Mashine hizi zilifanya kazi maofisini ughaibuni, zikastaafu, zikaja kwetu kama mtumba, na vijana wengi hapa Dar ndizo wanazoanzia gemu. Hii ina prosesa ya Intel Core i5-4590 ya mwaka 2014, RAM ya GB 8, hadidiski ya kuzunguka, na haina kadi ya grafiki. Kijana anataka kucheza GTA V bila picha kugandaganda. Pesa amezidunduliza mwenyewe kwa miezi, kwa hiyo hapa hatununui kitu cha kubahatisha.

Kwanza niseme ukweli, kabla hujatoa hata shilingi. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka prosesa za Intel za kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, na hii ni kizazi cha 4. Ukiilazimisha Windows 11 humu itaingia, lakini gemu kama Valorant litakukatalia kwa sababu ya hiyo TPM. Kama roho yako iko kwenye gemu hilo, usitengeneze mashine hii. Weka akiba, tafuta ya kizazi cha 8. Kama ni GTA V na gemu za miaka ile, twende pamoja.

Hatua ya kwanza karibu haina gharama. Vuta kitasa hiki cha ubavuni, mfuniko unatoka. Tazama vumbi lilivyoshonana kwenye mapezi ya kipoza joto, kama sufi ya mto. Prosesa ikipata joto hupunguza kasi yenyewe ili isiungue, halafu wewe unadhani imezeeka. Ipeleke nje, ipulize kwa blowa, lakini shika feni kwa kidole isizunguke ovyo. Futa ile pasti iliyokauka juu ya prosesa, weka mpya kiasi cha punje moja ya dengu.

Sasa washa, fungua gemu, na ubonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager inatokea. Kwenye hii yetu, GPU, yaani kichora picha kidogo kilichomo ndani ya prosesa, imegota asilimia 100 na prosesa yenyewe iko nusu nusu. Maana yake prosesa inasubiri picha zichorwe. Ukitaka uhakika zaidi, ingia kwenye mipangilio ya gemu, shusha ukali wa picha kutoka 1080p hadi 720p. Mwendo ukiongezeka, mzigo uko kwenye grafiki. Usipobadilika, tatizo ni prosesa, na kadi mpya haitakusaidia. Jaribio hili la dakika tano limewaokolea watu wengi pesa, tafadhali usiliruke.

Hatua ya pili ndiyo iliyonifanya nirekodi video hii. Nasogeza kamera. Unaona lebo hii kwenye pawasaplai, hiki kiboksi kinachogawa umeme? Imeandikwa wati 290. Sasa fuata nyaya zake kwa kidole: huu unakwenda kwenye mazabodi, yaani bodi kuu, huu kwenye prosesa, hizi kwenye diski. Hakuna hata mmoja wa kulisha kadi ya grafiki. Kwa hiyo kadi yetu itakula umeme wa tundu lake tu, yaani PCIe, na tundu hilo kikomo chake ni wati 75. Hapo tayari uchaguzi umepungua, na dukani hutayumbishwa. Ukiambiwa chukua RX 580, ni kadi nzuri, lakini inataka wati 185 na plagi yake ya peke yake. Humu haifai.

Wengine mtasema, si tubadili pawasaplai? Angalia plagi ya mazabodi hii. Ina pini 8, wakati pawasaplai za kawaida zina pini 24. Dell ilijitengenezea yake. Hata HP EliteDesk 800 G1 ina plagi yake ya pini 6. Viunganishi vya kubadilisha vipo, ila sasa unanunua pawasaplai, unanunua kiunganishi, na bado hujagusa kadi. Kwa bajeti ndogo, mimi naiacha iliyopo. Na kwa yule mwenye mashine ya kawaida anayenunua pawasaplai ya mtumba: geuza nyuma utazame kama kuna swichi nyekundu ya 115 na 230. Iliyotoka Marekani inaweza kuwa kwenye 115. Ukiichomeka hivyo kwenye umeme wetu wa 230, italipuka siku hiyo hiyo.

Hatua ya tatu, kadi yenyewe. Zisizohitaji plagi ya ziada ni hizi: GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, GTX 1650 ya 2019, na RTX 3050, ile ya GB 6 tu, iliyotoka 2024. Ipo na RX 6400 ya wati 53, ila imeunganishwa kwa njia nne tu za kupitishia data, na kwenye tundu la zamani la PCIe 3.0 kama la mashine hii inapoteza nguvu. Mimi nimechagua GTX 1650 ya GB 4. Hakikisha unaitazama pembeni, kwa sababu kuna 1650 zilizotengenezwa na tundu la pini sita. Hiyo iache. Na kama mashine yako ni ile nyembamba ya kulala, omba kadi fupi yenye bamba fupi, vinginevyo mfuniko hautafunga.

Sasa sikilizeni hili kwa makini. Niliwahi kuuziwa 1050 Ti kwenye boksi zuri, na plastiki yake juu. Ndani ilikuwa kadi ya zamani iliyobadilishwa jina kwenye programu yake. Windows ikasoma 1050 Ti, gemu likajifunga kila likifunguliwa. Muuzaji sikumpata tena. Tangu siku hiyo natazama nyuma ya kadi kwanza: tundu la bluu la VGA, lile la waya wa monita za zamani. NVIDIA iliondoa mawimbi ya VGA kuanzia mfululizo wa GTX 1000, kwa hiyo 1050 Ti yenye tundu hilo irudishe mezani. Pili, nenda na programu ya GPU-Z kwenye flashi, ni ya bure. Mwombe muuzaji aichomeke kadi kwenye mashine yake, ufungue GPU-Z. Kadi ya kughushi inaandikwa FAKE mbele ya jina. Muuzaji mwema hakasiriki ukimwomba hivyo.

Zilizobaki ni nyepesi. Ana kijiti kimoja cha RAM cha GB 8, tunaongeza kingine kinachofanana nacho, cha aina ya DDR3, na kuvipachika kwenye matundu yenye klipu za rangi moja ili vifanye kazi sambamba. DDR4 haiingii, pengo lake liko mahali pengine. RAM za seva ukizikuta kwa bei ya kutupa usizichukue, mazabodi hii haizitambui. SSD, yaani diski isiyozunguka, nunua ya SATA ya inchi 2.5, kwani humu hamna tundu la M.2 la zile SSD nyembamba. Haitaongeza fremu, yaani picha kwa sekunde, ila ramani ya gemu haitachukua muda wa kupika chai kufunguka. Ya GB 480 ingefaa, maana GTA V peke yake ni karibu GB 100 au zaidi.

Prosesa iwe ya mwisho kabisa. Kazi nyingine zikiilemea baadaye, i7-4790 inaingia kwenye soketi hii hii, inakula wati 84 zile zile za i5 hii, na hubeba kazi nane kwa wakati mmoja badala ya nne. Leo hatuigusi.

Tufunge. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili tatu umeme uliobaki uishe, shika chuma cha boksi. Fungua bamba la nyuma, lenga kadi kwenye tundu refu la juu, sukuma kwa vidole vya mikono yote miwili hadi usikie mlio wa tik. Kaza parafujo. Na sasa kosa ambalo naletewa kila mara: waya wa monita uchomeke kwenye kadi, huku chini, usiurudishe kule juu kwenye mazabodi. Ukiuacha kule, utakuwa umenunua kadi inayokaa bure.

Nawasha. Windows imeiona, naweka draiva kutoka tovuti ya NVIDIA, GPU-Z inasoma 1650 bila neno lolote mbele. Kwenye gemu nazuia fremu zisizidi 60, prosesa ipate kupumua. Haya mjomba, sogeza kiti, kamata kibodi ujaribu.