Askari mstaafu akitoka wodini, nani anampokea?

Haya jamani asanteni kwa kuja, naona wake wa wanajeshi, manesi, na nyie wenyewe mliovaa gwanda miaka mingi, shikamooni wakubwa. Sitazunguka. Leo naongelea zile wiki za mwanzo baada ya daktari kumwambia askari mstaafu aliyelazwa kwa sababu ya uraibu, haya umeruhusiwa nenda nyumbani, maana hapo ndipo tunapozika watu ambao wodini walikuwa wanaendelea vizuri kabisa.

Kwa nini? Mtu aliyekuwa anatumia unga, yaani heroini, au vile vidonge vikali vya maumivu vya jamii ya afyuni, mwili wake ulishazoea dozi kubwa. Akikaa wodini wiki kadhaa bila kutumia, mwili unasahau ila kichwa bado kinakumbuka kipimo kilekile cha zamani. Siku akiteleza akapiga kile kile, pumzi inakata, na wala hakutaka kufa. Kwa hiyo mkiambiwa ameshasafishwa msishangilie mapema, aliyemaliza arosto, yale mateso ya mwili unapokosa unga, akatoka bila dawa ya kuendelea nayo yuko kwenye hatari kubwa sana.

Kuna utafiti wa miaka ya 70 naupenda, mtafiti wa Marekani Lee Robins aliwafuatilia askari wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam. Kama mmoja kati ya watano alisema alikuwa mraibu kule, lakini katika hao waliokuwa waraibu ni kama asilimia 5 tu waliorudi kwenye uraibu ndani ya mwaka wa kwanza nyumbani. Watu wanauchukua huu wanasema ona, kuacha ni kuamua tu. Hapana jamani! Wale waliacha ng'ambo karibu kila kitu kilichokuwa kinawakumbusha unga, na huyu wetu yeye anafanya safari ya kinyume, anatoka mahali ambapo hakuna unga anarudi chumba kilekile, mgongo uleule unaouma tangu jeshini, majinamizi yaleyale usiku wa manane, na wengi pombe ilianza hapo hapo, ili tu wapate usingizi. Ukimwondolea chupa hujamwondolea vita kichwani, kiwewe na uraibu vitibiwe pamoja, habari ya kumwambia kaache kwanza ndio uje kwa mshauri nasaha mimi naipinga wazi.

Sasa mpango uanze akiwa bado kitandani. Atoke na dawa mkononi, tarehe ya kliniki isizidi wiki moja, na jina la mtu atakayemwona, asiambiwe tu "utapigiwa". Kama yuko kwenye methadoni au buprenofini, dawa za kutibu uraibu wa unga, msimsimange kwamba amebadilisha unga kwa unga, hizo dawa zinapunguza vifo, hilo halina ubishi. Naloksoni ya kupuliza puani, dawa ya kumrudishia pumzi aliyezidisha unga, iwepo nyumbani na kila mtu ajue iko wapi, maana aliyezidisha dozi hawezi kujipulizia mwenyewe. Na kama kuna bunduki ndani, naomba sana, ikae kwingine kwa muda, mkubaliane naye mwenyewe kwa heshima.

Halafu getini aje mwenzake wa jeshi, ikiwezekana aliyepitia uraibu akatoka. Nimewasikia wakipigiana simu usiku, huyu hamuulizi umekunywa? anamuuliza umelala? na jamaa anaanza kuongea, vitu ambavyo mke hajawahi kuambiwa.

Akirudia, arudi hospitali, na asipokelewe kwa kununiwa. Hasa pombe, kama amekunywa sana kwa wiki kadhaa msimfungie chumbani aache ghafla, ndani ya siku mbili hivi anaweza kupata degedege, baadaye akaanza kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo, na hiyo inaua. Mpelekeni usiku huohuo, msingoje kukuche.