Nani Alisema Baiskeli Lazima Iwe Hivi?

(Mhadhara kwa mafundi na wanafunzi wa ufundi, Tabora)

Mwangaluka! Wazee wangu, mafundi wenzangu, na nyie vijana mliojibanza karibu na mlango ili mtoroke mapema, karibuni.

Asubuhi nimempita kijana anatokea njia ya Sikonge na magunia mawili ya mkaa. Keria yake si ile iliyotoka dukani. Imechomelewa nondo, imerefushwa ikapita tairi la nyuma, na foku ya mbele imefungwa vyuma viwili vya kuitia nguvu. Nikamwuliza nani kamtengenezea. Akanijibu, "Ni fundi tu, mzee." Fundi tu! Basi leo nazungumza na hao mafundi tu.

Mbona baiskeli zote zinafanana? Magurudumu mawili yaliyo sawa, fremu ya pembetatu, na mtu kakaa juu wima. Haikuanza hivyo. Mwaka 1817 Mjerumani Karl Drais alitoa chombo cha mbao kisicho na pedeli. Unakikalia, unasukuma ardhi kwa miguu. Msicheke. Kule Goma, mashariki mwa Kongo, chukudu za mbao zisizo na pedeli zinabeba viazi na mkaa mpaka leo, na mji umezijengea sanamu.

Miaka ya 1870 likaja lile gurudumu kubwa la mbele, refu kama mtu. Watu hudhani ilikuwa mikogo. Ilikuwa hesabu. Pedeli zilifungwa kwenye gurudumu lenyewe, kwa hiyo ukizungusha mara moja, gurudumu nalo linazunguka mara moja. Ukitaka kwenda mbali, ongeza ukubwa wa gurudumu. La inchi 60 linakupa kama mita 4.8 kwa mzunguko mmoja, na ukianguka unaanguka kutoka juu ya paa. Kilicholiua ni cheni. Hii Phoenix ya inchi 28, ikiwa na meno 48 mbele na 18 nyuma, inakupa karibu mita 6 ukiwa umekaa chini salama. John Kemp Starley alitoa baiskeli ya namna hiyo mwaka 1885 huko Coventry, Uingereza, na ndiyo bibi wa hizi zote zilizoegeshwa hapo nje.

Hapo ndipo ubunifu ungepaswa kupamba moto. Mwaka 1933 Mfaransa Francis Faure, ambaye hakuwa bingwa wa daraja la kwanza, alipanda baiskeli ya Charles Mochet. Ile unailalia chali, miguu mbele. Kwa saa moja akaenda kilomita 45.055, akaipita rekodi iliyokaa tangu 1914. Sababu ni upepo: ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu unayohitaji kuupasua inapanda mara nane. Aliyelala anaupa upepo kifua kidogo. Mwaka uliofuata chama cha kimataifa cha mchezo wa baiskeli kikaamua kwamba ile si baiskeli, ikafutwa mashindanoni. Kwa hiyo umbo tunaloliona la asili kama umbo la embe, sehemu yake liliamuliwa na watu waliokaa mezani.

Sisemi mkalale chali barabara ya Urambo. Mtu wa chini vile dereva wa lori hamwoni, na mchangani utalia. Hata ile Moulton ya Uingereza ya 1962, yenye magurudumu madogo na springi za mpira, naipenda sana, lakini gurudumu dogo kwenye mchanga wetu ni jembe.

Mtu wa kumwangalia ni Graeme Obree, mwendesha baiskeli wa Uskoti. Mwaka 1993 alijiundia baiskeli yake, akaitia beringi za mashine ya kufulia nguo. Alitaka pedeli zikaribiane, magoti yasitanuke kwenye upepo. Akaenda kilomita 51.596 kwa saa. Mwaka 1994 mkao wake, wa kukunja mikono chini ya kifua, nao ukapigwa marufuku. Beringi za mashine ya kufulia, jamani! Kwenye rundo la vyuma chakavu nyuma ya karakana zetu kuna nini?

Sasa turudi kwa kijana wa mkaa, maana swali letu si upepo, ni mzigo. Chukua magunia mawili, jumla kilo 100. Katikati ya mzigo iwe sentimita 30 nyuma ya ekseli ya nyuma, yaani kile chuma cha katikati ya gurudumu, na kati ya ekseli mbili kuna sentimita 115. Zidisha 100 kwa 30, gawa kwa 115: unapata 26. Gurudumu la mbele limepunguziwa kilo 26. Ukishuka kusukuma, baiskeli yenyewe haina hata kilo kumi pale mbele. Inasimama kama punda aliyekasirika! Ndiyo maana mnaning'inia kwenye usukani kila mlima.

Nondo ya pili haiponyi hilo. Inaongeza uzito kule kule nyuma. Dawa ni kulisogeza gurudumu la nyuma lirudi, mzigo ukae mbele ya ekseli. Gharama zake zipo: cheni mbili ziunganishwe, kona inataka uwanja, na fremu ndefu itacheza msipoitia bomba la kuikaza. Na breki, tafadhali. Za vyuma zinazobana ringi, mvua ikinyesha ni mapambo. Baiskeli ya Buffalo, ambayo keria yake imetengenezwa kwa kilo 100, inafunga breki ukirudisha pedeli nyuma, ndani ya habu, kitovu cha gurudumu, maji hayafiki.

Haya, maneno yatosha. Nimemwomba yule kijana aje na baiskeli yake, namwona pale dirishani. Ingiza, mwanangu, na magunia yake. Nani ana futi?