Gitaa moja, njia mbili: mhadhara kwa wapiga gitaa wa ibada

Bwana Yesu asifiwe! Asifiwe tena. Asanteni, kaeni.

Nimeombwa nieleze namna ya kupata sauti ya gitaa kavu, lile linalolia bila umeme, na sauti ya gitaa la umeme kwenye gitaa moja. Najua swali limetoka wapi. Jumapili mnaanza na sifa: dramu na kinanda vimechangamka, solo inapanda sebene, kina mama wanapunga vitambaa. Ghafla kiongozi anainua mkono, mwendo unashuka, tunaingia kuabudu, na anataka gitaa kavu limbebe taratibu. Huna muda wa kuvua gitaa moja na kuvaa jingine. Makanisa mengi hata hilo la pili halipo. Basi unabaki na sauti ileile ya sebene, unapunguza volyumu, unasukuma siku.

Jibu langu nalitanguliza, maana tumetoka kula na wengine macho yameshakuwa mazito: sauti mbili zinataka njia mbili, tangu chini ya nyuzi mpaka kwenye spika. Nimeona watu wananunua gitaa la sauti mbili kwa fedha nyingi, wanalichomeka kwa waya mmoja kwenye amplifaya moja, halafu wanasema duka limewadanganya. Gitaa halina kosa. Njia ndiyo iliyokuwa moja.

Tuanze chini ya nyuzi. Pikapu ya kawaida ya gitaa la umeme ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, mizunguko maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme unazaliwa kwenye ule waya. Kwa hiyo pikapu hii inasikia chuma kinavyotembea, tena pale pale ilipokaa, na karibu hakuna kingine. Gonga mwili wa gitaa kwa kidole: kimya, au kama kimya.

Piezo ni habari nyingine. Ni fuwele, ukiibana inatoa umeme. Jambo hilo liligunduliwa na ndugu wawili wa Ufaransa, Pierre na Jacques Curie, mwaka 1880, wakati gitaa la umeme halijawa hata wazo. Ilikuja kuenea kwenye magitaa kupitia Ovation, kampuni ambayo Charles Kaman wa Marekani aliianzisha miaka ya 1960. Kaman kazi yake ilikuwa helikopta, na mtu wa helikopta anaujua mtikisiko. Fuwele hizo hukaa pale nyuzi zinapokalia darajani, kile kipande kinachozibeba juu ya mwili wa gitaa. Zinasikia mgandamizo: piki inavyochapa, kucha inavyokwaruza, kiganja kinavyotua. Gonga mwili tena sasa. Mmesikia? Spika imejibu. Ndiyo maana piezo inaleta ladha ya gitaa kavu hata ikiwekwa kwenye gitaa la ubao mzito lisilo na tundu.

Magitaa yaliyobeba vyote viwili yapo siku nyingi. Parker Fly lilitoka mwaka 1993. Godin wa Kanada wanayo. Fender walileta Acoustasonic Telecaster mwaka 2019. Ni vyombo vizuri, sivisemi vibaya, ila bei yake inaweza kununua spika mbili za jukwaa na kebo za kwaya nzima. Kama kanisa lako lina gitaa la umeme lenye shingo iliyonyooka, mimi ningemwita fundi abadilishe daraja tu. Fishman na Graph Tech wanatengeneza madaraja na vikalio vyenye piezo ndani. Fundi atatafuta nafasi ya kisakiti kidogo na batri ya volti 9, atabadilisha na tundu la jeki liwe la stereo, umemaliza. Batri hiyo huwa inaliwa pale jeki inapochomekwa, kwa hiyo ibada ikiisha chomoa. Ukiiacha imechomekwa wiki nzima, Jumapili ijayo usimkemee shetani.

Sasa tunaingia kwenye njia yenyewe, na hapa naomba mnivumilie kidogo kwa sababu ndipo sauti nyingi zinapofia.

Pikapu ya sumaku na piezo zote mbili hazipendi kuchomekwa moja kwa moja kwenye tundu la laini la mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti. Tundu lile lina ukinzani wa omu elfu kumi hivi. Ni kidogo mno. Cha ajabu ni kwamba kosa ni moja, lakini matokeo yanapingana. Sumaku ukiichomeka hapo inapoteza juu: sauti inakuwa nzito, imefunikwa blanketi. Piezo inapoteza chini: inabaki nyembamba, kali. Piezo isiyo na kisakiti chake cha batri inataka omu milioni moja kwenda juu. Dawa yake ni boksi la DI la kutumia umeme, lile linaloamshwa na volti 48 kutoka kwenye mikisa, lililotengenezwa kwa ajili ya piezo. Hilo linapokea gitaa vizuri na kuupeleka mlio mbali kwa waya wa maiki bila kuokota mngurumo.

Halafu spika. Spika ya amplifaya ya gitaa haitoi kila kitu. Ikifika karibu na Hz 5,000, yaani mitikisiko elfu tano kwa sekunde, inaanza kuanguka, na hiyo ndiyo sura yake. Gitaa la umeme limezoeleka masikioni likiwa limekatwa juu namna hiyo. Gitaa kavu linahitaji ule mng'aro wa juu ambao spika ile haiwezi. Sikilizeni: piezo kwenye amplifaya ya gitaa. (Anapiga.) Imekuwa kama redio iliyofungiwa kabatini. Sasa piezo ileile kwenye spika kubwa za kanisa. (Anapiga.) Inapumua. Tugeuze: sumaku yenye distoshoni, ule mkwaruzo wa kuongezwa makusudi, moja kwa moja kwenye spika za kanisa. Mzee wangu pale nyuma, shika masikio. (Anapiga.) Ni mzinga wa nyuki uliopigwa jiwe.

Kwa hiyo kwenye jeki ya stereo unachomeka kebo ya stereo inayogawanyika mara mbili. Mguu wa sumaku unakwenda kwenye pedali zako, vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadili sauti, na amplifaya, na amplifaya inawekewa maiki. Mguu wa piezo unakwenda kwenye DI, kisha mikisa. Fundi mitambo anapata chaneli mbili. Ziandikieni majina kwa gundi ya karatasi, "gitaa umeme" na "gitaa kavu", maana fundi mitambo aliyeona jina moja mara mbili atazima mojawapo, na atazima ile unayoihitaji.

Najua mnachotaka kusema: mikisa yetu ina chaneli kumi na mbili na waimbaji wamezimaliza. Basi njia mbili zijengwe ndani ya pedali. Pedali nyingi za kidijitali za siku hizi zinakuruhusu kutunza sauti na kuziita kwa mguu. Sauti ya umeme iwekewe mfano wa amplifaya na kabati lake la spika. Sauti kavu iondolewe kabati kabisa, iwekewe badala yake faili ya IR ya mwili wa gitaa kavu. IR ni kumbukumbu ya jinsi mwili fulani wa gitaa unavyoitikia, na pedali inaipaka juu ya piezo yako. Waya unaoingia kwenye mikisa ni mmoja, ila ndani njia zimetengana. Kosa ninaloliona kila mahali ni kuacha kabati limewashwa kwenye sauti zote mbili. Ukisikia gitaa kavu lako lina mafua, angalia hapo kwanza.

Na asiye na piezo kabisa? Kuna pedali za kuiga gitaa kavu, kama Boss AC-3. Angalieni ilivyoundwa: ina matundu mawili ya kutokea, moja la amplifaya ya gitaa, jingine la mikisa. Hata waliotengeneza kitu cha kuiga walijua njia lazima ziwe mbili. Chagua sauti safi, weka swichi kati ya pikapu ya shingo na ya katikati, usiguse distoshoni. Ukiwa peke yako na mwimbaji mmoja, utagundulika. Bendi ikiwa inapiga, hakuna atakayejua.

Hilo la bendi nataka tulikalie. Gitaa kavu likiwa ndani ya bendi kamili, mwili wake hausikiki. Chini kuna besi, kuna mkono wa kushoto wa kinanda, kuna dramu ya mguu. Kinachofika kwa muumini wa benchi la mwisho ni mchapo wa piki tu, karibu kama kayamba lenye noti. Kwa hiyo bendi ikiwa inapiga mwambie fundi mitambo akate kila kilicho chini ya Hz 150, na apunguze kidogo kati ya Hz 2,000 na 3,000, pale ambapo piezo inatoa kaukali ka kuudhi. Bendi ikinyamaza ukabaki wewe na sauti ya mtu, arudishe chini mpaka Hz 80, maana uzi wako mnene ukiuacha wazi unalia Hz 82. Gitaa ni lilelile, mpangilio ni tofauti. Wanaosema piezo ni mbaya wengi wao waliisikia peke yake, ikiwa na mpangilio wa bendi.

Kwenye nyuzi sitakaa sana. Nyuzi za bronzi ni za gitaa kavu. Sumaku haiisikii bronzi, inasikia kiini cha chuma tu, kwa hiyo nyuzi nyembamba zitapiga kelele na nene zitanong'ona. Gitaa la sauti mbili livalishe nyuzi za chuma zilizozungushiwa nikeli, namba 11 kwenda 49 (namba ni unene wa uzi) kama vidole vinaruhusu. Namba 9 inateleza vizuri kwenye sebene, lakini ukichapa kodi za kuabudu inalia kama waya wa uzio.

Mkono ndio shida yenyewe. Nawaona vijana wana vifaa vyote, wanakanyaga pedali ya gitaa kavu, halafu vidole vinaendelea kupiga gitaa la umeme: kodi fupi za nyuzi tatu huko juu shingoni, noti zimevutwa, mikono imebana. Hakuna piezo itakayokuokoa. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, Kongo, alirekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 akiwa na gitaa kavu na vidole, hana hata waya, na mtu akimsikiliza leo bado anauliza wako wangapi. Ukihamia sauti kavu, shuka shingoni. Tumia kodi za nyuzi wazi, funga kapo, kile kibano cha shingoni, kama ufunguo unakataa, shika piki nyembamba ya nusu milimita, uchape kwa kifundo cha mkono. Noti za gitaa kavu zinakufa haraka, kwa hiyo mkono usisimame. Kwenye sauti ya umeme unaweza kupiga noti moja ukaiacha dilei, mwangwi unaorudia noti, imalizie: kwa mwendo wa mapigo 72 kwa dakika, dilei ya milisekunde 625 inaangukia robo tatu ya pigo na inajaza ukumbi. Dilei hiyo hiyo kwenye gitaa kavu ni vurugu. Lipe riverbu kidogo, ule mwangwi wa ukumbi, basi. Na kama kanisa lenu ni la bati na kuta tupu, riverbu mnayo tayari, bure.

Tahadhari moja kwa wanaochanganya sauti zote mbili kwa pamoja, jambo zuri sana kwenye kuabudu kunakopanda taratibu. Wakati mwingine ukiziunganisha, sauti inakonda badala ya kunenepa. Maana yake moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Kwenye mikisa nyingi, na kwenye baadhi ya DI, kuna kitufe chenye duara lililokatwa mstari. Kibonyeze kwenye chaneli moja, usikilize sauti za chini. Palipo na unene ndipo pa kuacha.

Maswali? Dada pale mbele.

(Swali: Mimi nina gitaa kavu tayari, lina piezo. Je, naweza kulifanya litoe umeme?)

Unaweza, dada, lakini ni mlima mkali zaidi kuliko kutoka upande wa pili. Utanunua pikapu ya sumaku ya kubana kwenye tundu, ubadilishe nyuzi kama nilivyosema, na uipitishe kwenye njia yake ya umeme. Shida yako itakuwa kuvuma. Gitaa kavu lina hewa ndani, na hewa hiyo inaitikia karibu na Hz 100. Noti ya G kwenye uzi wa sita ni Hz 98. Kwa hiyo kila ukipiga kodi ya G karibu na monita, ile spika inayowaelekea wapigaji, gitaa litaanza kuunguruma lenyewe. Weka kizibo cha mpira, ila kiwe kile kinachoacha nafasi ya pikapu, kata pale kwenye Hz 100 kwa ikwalaiza, na usisimame uso kwa uso na spika. Sauti safi ya sebene utaipata. Distoshoni achana nayo.

Kaka mwenye shati la bluu?

(Swali: Mwalimu, nikikanyaga kutoka sebene kwenda kavu, sauti inaruka, watu wanageuka.)

Volyumu hazilingani. Usizilinganishe nyumbani kwa macho ya mita; zilinganishe kanisani, bendi ikipiga, mwenzako akiwa amesimama katikati ya ukumbi. Linganisha mkono wako halisi: unavyopiga sebene kwa nguvu yake, na unavyochapa kuabudu kwa utulivu wake. Sauti kavu mara nyingi itataka kupandishwa, kwa kuwa mkono umeshuka. Na usikanyage katikati ya mstari. Ngoja mwimbaji avute pumzi, au dramu ipige mzunguko wa kuingia.

Haya, nani amekuja na kebo ya stereo? Leteni magitaa yenu hapa mbele, tuyachomeke moja moja.