Geuza Pakiti Kabla Hujameza

Shikamooni wazee. Wengine, habari za mchana. Naona viti vya mbele viko wazi kama kawaida, sogeeni, maana leo tunasoma maandishi madogo.

Aliyekuja na dawa yake ya aleji au ya mafua aitoe sasa hivi. Haya, igeuze. Upande wenye picha ya mtu anayeshika pua hatuuhitaji. Nyuma kuna orodha ya vilivyomo ndani ya kidonge kimoja. Tafuta jina linaloanza na Chl: hiyo ni klorofeniramini, ile ile ambayo wengi mnaiita Piriton. Kazi yake ni kuzuia chafya, muwasho na makamasi. Halafu tafuta jina linaloishia na ephrine au ephedrine. Likianza na Ps ni pseudoefedrini, likianza na Ph ni fenilefrini. Kazi ya hiyo ni kubana mishipa ya damu ili pua iliyovimba ifunguke. Mchanganyiko wa viwili hivyo ndio somo la leo. Zipo pakiti zenye viwili hivyo tu. Nyingi za madukani kwetu zina na parasetamoli, na kafeini juu yake. Mtu anasema amemeza kidonge kimoja, kumbe amemeza dawa nne.

Tuhesabu, na hapa sitakwenda mbio. Chukua kidonge cha kawaida cha mafua: parasetamoli miligramu 500, klorofeniramini 2, fenilefrini 5, kafeini 30. Umeambiwa mbili mara tatu. Kwa siku ni vidonge sita: parasetamoli miligramu 3,000 na klorofeniramini 12. Mpaka hapo hujavunja sheria. Mchana kichwa kinauma, unaongeza Panadol mbili, na jioni mbili, na usiku mbili. Umeongeza 3,000 nyingine. Sasa una 6,000, na mtu mzima mwenye ini zima hatakiwi kuvuka 4,000 ndani ya saa 24. Bado unawashwa, jirani anakupa Piriton, moja mara tatu. Kila moja ni miligramu 4, kwa hiyo umefika 24, na huo ndio mwisho wa siku kwa mtu mzima. Usiku kikohozi kinakusumbua, unakunywa vijiko viwili vya dawa ya maji. Umeisoma chupa? Dawa nyingi za kikohozi zina klorofeniramini au ndugu yake difenihidramini. Umepita mpaka, na hakuna hata mara moja uliyohisi umezidisha, kwa sababu kila dawa uliinywa kwa kipimo chake.

Najua mtu atasema: mimi sinunui pakiti, nakatiwa vidonge vinne. Sawa, na hilo ndilo linalonikera kuliko yote. Mkasi unapita katikati ya karatasi ya vidonge, jina linabaki upande wa dukani, tarehe ya kuisha muda inabaki upande wa dukani, wewe unaondoka na kibahasha kilichoandikwa 2x3. Mbili mara tatu za nini? Ukifika hospitali usiku umelegea, daktari akiuliza umemeza nini, unamwonyesha kibahasha! Nunua hivyo hivyo vinne kama hela ndiyo hiyo, hakuna anayekulazimisha kununua pakiti nzima. Lakini mwambie muuzaji aandike jina la kila dawa iliyomo na miligramu zake, au piga picha mgongo wa pakiti kwa simu yako. Akikataa, duka lingine halipo mbali. Na nyie wauzaji mliokaa kule nyuma mnacheka, nimewaona.

Sasa presha. Mishipa inayobanwa si ya puani peke yake. Kidonge kinapita tumboni, kinaingia kwenye damu, kinabana mishipa mwili mzima, na moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Kijana mzima hataona kitu zaidi ya mapigo kwenda kasi na usingizi kukataa. Mwenye presha isiyotulia, ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi, mwenye figo mbovu sana, asiiguse pseudoefedrini. Mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilikaza maonyo yake, kwa sababu ya matukio machache, lakini mazito, ya mishipa ya ubongo kubana na ubongo kuvimba. Dalili zake ni kichwa kuuma ghafla kwa ukali usio wa kawaida, kutapika, kuona ukungu, kuchanganyikiwa, degedege. Ukiona hivyo acha dawa uende hospitali, usisubiri asubuhi.

"Mimi nimeshameza dawa yangu ya presha asubuhi, nimejikinga." Hujajikinga. Moja inashusha, nyingine inapandisha, na kama dawa yako ya presha ni propranolo zinaweza kugongana vibaya zaidi.

Na fenilefrini? Hii inaniudhi kwa namna yake. Novemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipendekeza iondolewe kwenye vidonge na dawa za maji za pua zinazouzwa bila cheti, si kwa kuwa imeua watu, bali kwa kuwa ikimezwa haifungui pua. Sehemu kubwa inavunjwavunjwa kabla haijafika inakotakiwa. Kwa hiyo mwenye presha anayebahatisha na fenilefrini anabahatisha bila hata faida ya pua kufunguka.

Mwenye presha atumie nini? Kwa chafya na muwasho, setirizini miligramu 10 au loratadini 10, mara moja kwa siku, yenyewe peke yake. Angalia pembeni ya jina pasiwe na herufi D wala neno plus, maana hapo wameshakuchanganyia. Kwa pua kuziba, maji ya chumvi: chemsha nusu lita ya maji, yaache yapoe, tia kijiko cha chai cha chumvi kisichojaa, uoshe pua kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Yakibaki, mwaga.

Wazee wa kiume nisikilizeni. Ukiwa na tezi dume iliyovimba, mchanganyiko huu unakushika pande mbili: klorofeniramini inalegeza kibofu kisisukume, na dawa ya kufungua pua inakaza njia ya kutokea. Mtu analala na mafua, anaamka mkojo umegoma kabisa, anaishia kuwekewa mpira. Mwenye glakoma, yaani presha ya macho, naye akae mbali.

Madereva na bodaboda mnapenda kuniambia kwamba kafeini iliyomo inaondoa usingizi. Haiondoi. Moyo unakwenda mbio huku akili imechelewa, na hutajua kama imechelewa mpaka breki. Klorofeniramini ya usiku inaweza kuwa bado iko mwilini asubuhi. Bia juu yake, au diazepamu ile ya kutuliza na kuleta usingizi, hapo hata kutembea kwa miguu si salama.

Naonyeshwa saa, basi haraka haraka. Watoto chini ya miaka sita wasipewe dawa hizi za mchanganyiko kabisa, na kumkatia mtoto nusu kidonge cha mkubwa si kipimo. Mama anayenyonyesha, pseudoefedrini inapunguza maziwa. Mjamzito aulize kwanza kliniki. Anayetumia linezolidi kwa kifua kikuu sugu asimeze dawa yoyote ya kufungua pua bila daktari wake kujua, presha inaweza kuruka. Vile vidonge vya saa 12 vyenye pseudoefedrini miligramu 120 visivunjwe wala kutafunwa, dozi yote itamwagika kwa mara moja. Wanariadha, pseudoefedrini ina kikomo kwenye mkojo siku ya mashindano. Mwanajimnastiki Andreea Răducan wa Romania alipokonywa dhahabu ya Olimpiki Sydney mwaka 2000 kwa kidonge cha mafua.

Na mchanganyiko huu ni wa siku chache, zisizidi saba. Aleji ya vumbi inayokusumbua miezi haitibiwi hivyo; kuna dawa ya kupuliza puani yenye steroidi, kila siku, ukielekeza ncha upande wa sikio na si kwenye ukuta wa kati, nayo huchukua siku kadhaa hadi wiki mbili kuonyesha nguvu zake. Hiyo nilitaka niieleze vizuri, haiwezekani leo.

La mwisho, matone ya pua, zailometazolini na wenzake: siku tano, basi. Ukizidisha, pua inavimba kila yanapoisha nguvu, na unaongeza tena, na tena. Aliyekwama nayo mwezi wa tatu sasa asiaibike. Acha tundu moja kwanza, endelea na la pili mpaka la kwanza lifunguke lenyewe, ndipo uache na hilo. Haya, maswali.