Hata Mbwa Hulishwa

Ndugu zangu, mkiniona nimesimama tena kuzungumzia Wachina na wazazi wao, nivumilieni. Nitalirudia hadi lieleweke. Kila mara naambiwa, "Wachina wanajua kutunza wazazi, hela hazikosi kwenda nyumbani." Sawa. Lakini Ziyou alipomuuliza mwalimu wake Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, kuhusu xiao, yaani kuwatendea wema wazazi, alijibiwa kwamba watu wa siku zile walidhani ni kulisha tu. Hata mbwa na farasi hulishwa. Pasipo heshima, tofauti iko wapi? Maneno haya yana zaidi ya miaka 2,000, na bado mtu ananitajia hela!

Akaja Zixia, mwanafunzi mwingine, na swali lilelile. Akaambiwa, kigumu ni uso. Uso! Vijana kubeba kazi nzito, wakubwa kutangulia kula na kunywa, hayo peke yake hayatoshi. Hebu tuutazame uso huo. Mama ameuliza jambo lilelile mara ya tatu. Mwana anajibu, na jibu ni sahihi, ila macho yako kwenye simu na nyusi zimekunjwa. Bakuli la wali limejaa, kipande cha samaki kiko juu. Mama anashika vijiti vyake, anakula kimya, haulizi tena. Kashiba, na kaumia.

Mtasema, kwa hiyo mtoto awe mtumwa? Hapana! Confucius huyohuyo alifundisha kwamba mzazi akikosea aambiwe, kwa upole, na asiposikia heshima isipungue. Na ile hadithi ya kale ya Guo Ju, aliyetaka kumzika mwanawe hai ili chakula kimtoshe mama yake, mwandishi wa China Lu Xun aliikemea mwaka 1926, nami niko upande wake. Msinichanganyie ukatili na adabu.

Sheria nayo? Tangu Julai 1, 2013, China inawataka wanaoishi mbali na wazazi wawatembelee au wawajulie hali mara kwa mara. Siku hiyohiyo mahakama ya mji wa Wuxi ilimwamuru binti amtembelee mama yake, mwenye miaka 77, angalau mara moja kila miezi miwili. Vizuri, atafika. Atafika na uso gani?

Muda umeniishia. Sera ya mtoto mmoja imewaacha mume na mke wengi bila ndugu, na wazee wanne wa kuwatazama. Hao wanaokimbizana na kazi mji wa mbali siwalaumu hata kidogo. Nasema na aliyeketi meza moja na mama yake jioni ya leo, wali umepakuliwa, na mama ameuliza tena lile swali lake.