Mchawi na fundi wa roboti: kutunga kanuni za jaribio la ustadi

Haya, karibuni. Hapa mezani nina dadu mbili, penseli na karatasi moja. Kanuni zikihitaji karatasi ya pili, wachezaji watachoka kabla hawajacheza.

Leo tunatunga jaribio la ustadi, yaani namna ya kujua kama mhusika ameweza au ameshindwa. Mchezo wetu ni wa kuigiza wahusika mezani, na mwendesha mchezo ndiye anayesimulia hadithi. Una mchawi anayezungumza na majoka, na una fundi wa vyombo vya anga. Mara ya kwanza niliutungia kanuni mbili, za uchawi mbali na za mitambo mbali. Mafahali wawili hawakai zizi moja: siku mchawi aliposhika bisibisi, hakuna aliyejua arushe nini. Kwa hiyo kanuni ni moja kwa wote.

Kwanza, chagua dadu. Dadu ya pande 20 haina upendeleo: kila upande una asilimia 5. Dadu mbili za pande sita zina michanganyiko 36. Saba hupatikana kwa njia sita, lakini mbili na kumi na mbili kwa njia moja moja tu. Mimi nachukua hizi mbili. Vioja vimeshajaa kwenye hadithi yenyewe, sitaki fundi bingwa ashindwe kukaza skrubu kwa bahati mbaya tu.

Pili, weka lengo: jumla ya 8 au zaidi. Asiye na ustadi hulifikia mara 15 kati ya 36. Mwongeze alama moja ya ustadi kwenye jumla ya dadu, zinakuwa 21. Alama mbili, 26. Tatu, 30. Mnaona? Alama ya kwanza imeleta sita, ya tatu imeleta nne. Ndiyo maana naishia tatu. Ukifika tano au sita, kurusha dadu kunabaki mapambo.

Tatu, majina ya ustadi. Usiandike "Uchawi" na "Kompyuta". Andika vitendo: Kurekebisha, Kushawishi, Kunyemelea, Kutambua. Anayerekebisha roboti na anayerekebisha hirizi iliyopasuka wanatumia ustadi uleule. Anayeshika kitu cha ulimwengu asiouzoea anapunguziwa alama mbili, basi.

Sasa tulia hapa, maana utamu wote uko kwenye kushindwa. Ukipata 8 au zaidi, umeweza. Ukipata 6 au 7, umeweza lakini unalipa. Ukipata 5 kushuka chini, umeshindwa. Malipo ndiyo yanayotenganisha uchawi na mitambo. Mashine ikigoma, hunyamaza: betri imekwisha, waya umeungua, dakika zimepotea. Uchawi ukikosewa haunyamazi, unakujibu jambo ambalo hukuliomba.

Tazama. Mlango wa chombo cha anga umefungwa. Fundi, mwenye alama mbili za ustadi, anarusha... tatu na mbili. Tano, ongeza mbili, saba. Mlango unafunguka, lakini kifaa cha fundi kimeungua. Mchawi naye angepata saba hiyohiyo, mlango ungefunguka, pamoja na milango mingine yote ya chombo, ukiwemo wa chumba cha mahabusu. Namba ni ileile, balaa mbili tofauti kabisa. Andika mifano mitatu ya malipo kwa kila upande, mwendesha mchezo asibaki kukuna kichwa.

Kosa moja ambalo hata wazoefu hulifanya: kurushisha dadu mara nyingi kwa tendo moja. Mtu wa alama mbili za ustadi ananyemelea walinzi watatu. Akirusha mara moja ana takriban asilimia 72 za kulifikia lengo la 8. Ukimlazimisha arushe kwa kila mlinzi na alifikie lengo mara zote tatu, anabaki na kama 38. Hujabadilisha ugumu hata kidogo kwenye karatasi, na tayari umemfunga. Tendo moja, mrusho mmoja. Na kama kushindwa hakubadilishi chochote, msirushe kabisa, mwache apite.

Mwisho, jaribu kabla ya kuwaita wenzako. Simamisha video, chukua mchawi wa ustadi sifuri, mpe roboti aliyeharibika, halafu rusha mara 20. Baada ya kuondoa zile alama mbili anahitaji 10 kwenye dadu, yaani mara 6 kati ya 36. Ukiona ni ukatili, punguza adhabu iwe alama moja, kisha rusha tena. Mimi yangu nimeiacha mbili.