ORS mtaani, kabla ya dripu

ZUHURA: Kaka Baraka, kipindupindu kikilipuka kwenye mtaa uliobanana, wengi huwaza hospitali. Mimi nawaza meza, ndoo na pakiti za ORS, ile chumvi na sukari ya kuchanganya na maji ili mgonjwa anywe kurudisha maji mwilini, palepale uchochoroni.

BARAKA: Ndivyo, dada. Aliyeamka mzima anaweza kufa jioni kwa kuishiwa maji. Asiye na nauli naye hungoja aone kama hali itatulia, na kungoja huko ndiko kunakoua. Kituo kiwe cha kufikika kwa miguu, na kiwe bure.

ZUHURA: Makosa mengi huanzia kwenye kuchanganya.

BARAKA: Soma pakiti kwanza. Nyingi ni za lita moja, lakini zipo za nusu lita na za mililita 200. Pakiti ya lita ukiitia kwenye nusu lita, chumvi inazidi: ni hatari kwa mtoto, tena utumbo unavuta maji na kuhara kunaongezeka. Chora alama ya lita kwenye jagi. Maji yachemshwe yapoe, au yatiwe dawa, kabla ya kuchanganya, yakishachanganywa hayachemshwi. Andika saa, na baada ya saa 24 mwaga.

ZUHURA: Na mtoto akikataa, asiongezewe sukari.

BARAKA: Kabisa. Kila akihara, wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100. Wa miaka 2 hadi 10, mililita 100 hadi 200. Mkubwa anywe kadiri anavyotaka. Anayenyonya aendelee kunyonya.

ZUHURA: Akitapika, walezi hukata tamaa, na hapo ndipo mhudumu anapotakiwa kukaa nao. Ngojeni dakika 10, kisha kijiko kimoja kimoja kila dakika mbili tatu. Mwaka 1971, dripu zilipopungua katika kambi ya wakimbizi huko Bangaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliwakabidhi ndugu wa wagonjwa kazi hiyo ya kunywesha, na vifo vikapungua sana.

BARAKA: Macho yakiingia ndani, kiu ikiwa kali, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole: apewe ORS mililita 75 kwa kila kilo ya uzito wake, ndani ya saa 4. Mtoto wa kilo 10 ni mililita 750. Akilegea asiweze kunywa, au mapigo yakiwa hafifu, huyo ni wa dripu. Usafiri uwe umepangwa kabla, usianze kutafutwa saa hiyo.

ZUHURA: Ndoo za klorini nazo ziandikwe: asilimia 0.05 ya mikono, 0.2 ya sakafu na vyombo, 2 ya matapishi na kinyesi. Zikichanganyika, watu wanaungua mikono na wanaacha kunawa.

BARAKA: Daftari pia. Usiandike jina na umri tu, andika na anakochota maji. Watu watano wakitaja kisima kimoja, siku hiyohiyo peleka mtu pale atie klorini kwenye kila ndoo inayotoka.